Silabi Iliyoibwa

Nyevu Thoya alitoboa daftari.
Si kwa ukorofi. Kwa raba.
Aliandika, akafuta, akaandika,
akalowesha kidole kwa mate, akafuta tena,
mpaka ukurasa wa ishirini na moja ukachoka
na dirisha dogo likafunguka katikati ya hesabu.
Ukichungulia, unauona ukurasa wa ishirini na tatu,
mweupe, usiojua lolote.

Ilikuwa Jumanne, hapa Ganda, gredi ya nne,
mabati yakialika kwa joto.
Mia tatu na kumi na mbili, gawanya kwa nane.
Wenzake walishatoka kucheza.
Yeye kalaza shavu juu ya dawati,
akaniambia bila kunitazama:
“Mwalimu, mimi siwezi.
Hata mama kasema, kwetu hesabu hazimo damuni.”

Methali ninazo, nimezibandika ukutani kwa gundi:
haba na haba, mvumilivu, mchumia juani.
Watoto huzipita kama wanavyoupita mlingoti wa bendera.
Nikaziacha huko huko.
Nikashika chaki, nikaandika neno lake mwenyewe,
kubwa, ubao mzima:

SIWEZI

kisha nikalikata kati kama muhogo,
SI upande huu, WEZI upande ule.
Akainua shavu. “Mwalimu! Wezi!”
“Ndio hao. Wamekuibia.”
“Wameiba nini?”
“Silabi moja.”

Nikapangusa ile i ya mwisho, nikaweka a.
Na pale penye pengo, katikati,
nikairudisha mali yake:

SI JA WEZA

Akaisoma polepole, kama anayeonja uji wa moto.
“Ja,” akasema. “Ndiyo ile ya kuja?”
Sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo.
“Ndiyo hiyo.”
“Kwa hiyo iko njiani.”
“Iko njiani.”
“Imefika wapi?”

Hilo sikuwa na jibu lake.
Tukalifungua daftari tukatafute.
Kando ya tundu, kwa penseli iliyofifia:
thelathini na nane, baki nane.
“Hiyo nane iliyobaki,” nikamuuliza, “ina nane ngapi ndani?”
Nje mtu alifunga goli, kelele zikaingia kwa madirisha.
Nyevu hakugeuka.
“Moja,” akasema.
Halafu, kwa sauti ya chini kabisa: “Alaa.”

Alikuwa amebakiza hatua moja
akaifuta safari nzima.

Tangu siku ile raba nimezikusanya, ziko kwenye kopo la maziwa.
Kosa tunalipiga mstari mmoja tu,
libaki linasomeka,
kesho tujue tulipitia wapi.

Siwadanganyi. Mtihani wa mwezi alipata nne kwa kumi.
Mwezi uliofuata, nne tena.
Alilia chooni, akarudi na uso umeoshwa,
akaketi dawati la mbele ambalo si lake.
Mwezi wa tatu akapata sita,
na moja kati ya zile nne alizokosa
aliibishania mpaka kengele ikalia,
na haki ilikuwa yake. Nilisahihisha vibaya mimi.
Nikajipiga mstari mmoja.

Sasa sikilizeni lililonikuta.
Mimi mtu wa Siyu; ulimi wangu haukulelewa na “dz”.
Kila asubuhi langoni nawaamkia wazazi kwa Kigiriama,
naanza vizuri, mulamuka…
nikifika mwisho wa neno nateleza
kama punda kwenye ngazi zenye ukungu,
na gredi ya nne nzima inashika mbavu.

Ijumaa Nyevu alinifuata hadi ofisini.
“Mwalimu, sema dze. Ulimi uguse nyuma ya meno.”
Nikajaribu. Ikatoka ze. Ikatoka je.
Mara ya tano ikatoka kitu kisicho na jina.
“Basi, mwanangu,” nikasema, “mimi siwezi.”

Hakucheka.
Alinitazama kitambo,
kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi,
nimpe chaki.